Upungufu Si Uvivu

Kila kipimo kina pande mbili: kuna kitu kinachopimwa, na kuna kitu ambacho hesabu hiyo hugawanywa kwacho. Mwenye duka akikutajia bei bila kusema ni ya kilo au ya kibaba, hajakuambia bei. Mwalimu akisema mtoto amepata arobaini, hajasema neno mpaka aseme ni arobaini katika ngapi. Jambo hili hufundishwa katika madarasa ya chini kabisa. Hata hivyo kuna kimeng'enya kimoja katika damu ya binadamu ambacho upungufu wake ulijulikana kwa miaka kumi na moja kabla wataalamu hawajaweza kuigawanya hesabu yake kwa kitu kilichostahili. Na walipofanya hivyo, maana ya kipimo chote ikageuka. Nataka kuieleza historia hiyo kwa sababu inatuhusu sisi watu wa Korogwe, Handeni na Muheza kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mimi si daktari. Nilisomea ualimu chuoni, nikafundisha sayansi na hisabati, kisha nikawa mwalimu mkuu hadi nilipostaafu. Yaliyomo humu ni yale ambayo mwalimu wa sayansi aweza kuyafuatilia akiwa na subira na vitabu.

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi fulani ya kikemia mwilini bila yenyewe kutumika ikaisha. Hiki ninachokisema kina jina refu, glukosi-6-fosfeti dihaidrojinesi, na kwa kifupi huitwa G6PD. Wajerumani wawili, Otto Warburg na Walter Christian, ndio waliokieleza mwaka 1931 baada ya kukikuta katika chembechembe nyekundu za damu. Kazi yake ni kuondoa haidrojeni katika sukari iliyoungwa na fosfeti, na kuikabidhi kwa kijumbe kiitwacho NADP, ambacho hapo huitwa NADPH. Hiyo NADPH ndiyo ngao ya chembe nyekundu. Chembe hiyo hubeba oksijeni mchana na usiku, na oksijeni ni mzigo unaounguza. Pasipo NADPH ya kutosha, himoglobini yake huharibika na ukuta wake hupasuka. Sehemu nyingine za mwili zina njia zaidi ya moja za kuipata ngao hiyo. Chembe nyekundu ina njia moja tu, na mlango wake ni G6PD.

Sasa, kimeng'enya hupimwaje? Hakuna mizani ya kukiweka na kusoma nguvu yake. Kinachopimwa ni kazi inayofanyika kwa muda fulani. Wazee wa Korogwe tumekulia kando ya mashamba ya mkonge, zao ambalo Mjerumani Richard Hindorf alilileta nchini mwaka 1893, na tunajua jinsi kazi ilivyohesabiwa kule kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Basi tuseme unataka kujua wepesi wa mkata mkonge mmoja. Kwanza, sharti umtenge na wenzake, maana ukihesabu mafungu ya kundi zima hutajua yupi alikata ngapi. Pili, umpe mkonge wa kutosha, asije akasimama kwa kukosa cha kukata ukamwita mzembe. Tatu, umpime mwanzoni, kabla jua halijamchosha na kabla majani yaliyokatwa hayajamzibia njia. Nne, wote unaowalinganisha wafanye kazi katika hali moja ya hewa. Maabara hufuata masharti hayo hayo: kimeng'enya kisafishwe, kipewe sukari na NADP kwa wingi, kipimwe katika dakika za mwanzo, na joto na uchachu wa maji yake visibadilike.

Jicho linaloihesabu kazi hiyo ni mwanga. Warburg na wenzake waligundua katika miaka ya 1930 kuwa NADPH hunyonya mwanga wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanomita 340, na kwamba NADP yenyewe hainyonyi mwanga huo. Kwa hiyo ukipitisha mwanga katika kichupa chenye upana wa sentimita 1, kadiri kimeng'enya kinavyofanya kazi ndivyo kichupa kinavyozidi kuwa "cheusi" kwa mwanga huo, na chombo kiitwacho spektrofotometa huandika ongezeko lake. Mwaka 1948 Horecker na Kornberg, Wamarekani, walipata namba ya kugeuza weusi huo kuwa hesabu: milimoli 1 ya NADPH katika lita hutoa usomaji wa 6.22. Tufanye hesabu moja ya ubaoni. Kichupa kina mililita 1, na usomaji umepanda kwa 0.0622 katika dakika moja. Gawanya kwa 6.22, utapata 0.01, maana yake ni mikromoli 0.01 za NADPH zimetengenezwa katika dakika hiyo. Mwaka 1961 tume ya kimataifa ya vimeng'enya iliafiki kuwa kazi ya mikromoli 1 kwa dakika iitwe kizio 1. Kichupa chetu basi kina vizio 0.01. Tangu mwaka 1999 kipo pia kipimo rasmi kiitwacho katali, cha moli kwa sekunde, lakini maabara nyingi zimebaki na kizio cha zamani.

Hadi hapo tumepata upande mmoja tu wa kipimo. Vizio 0.01 katika nini? Hospitali hugawanya kwa himoglobini, ikasema damu hii ina vizio kadhaa kwa gramu moja ya himoglobini. Ni kipimo chema kwa mgonjwa, lakini hakisemi kama kimeng'enya chenyewe ni chepesi au kizito. Tena katika damu ghafi kuna udanganyifu: G6PD ikimaliza kazi yake, kimeng'enya kinachoifuata katika mstari nacho hutoa NADPH, na mashine haiwezi kujua ipi ni ya nani. Ni kama mafungu ya mtu wa pili yakiwekwa katika hesabu ya wa kwanza. Kwa ajili hiyo wanakemia hukisafisha kimeng'enya, yaani hukitenga na protini nyingine zote hatua kwa hatua, kwa chumvi na kwa nguzo za kuchujia, na mwisho hugawanya vizio kwa miligramu za kimeng'enya chenyewe. G6PD safi ya binadamu hufika karibu vizio 200 kwa miligramu. Damu yenye vizio 10 kwa gramu ya himoglobini ina vizio 0.01 tu kwa miligramu; hivyo safari ya kutoka damu ghafi hadi kimeng'enya safi ni ya kuongeza usafi kiasi cha mara 20,000. Lita nzima ya damu kama hiyo, yenye gramu 150 hivi za himoglobini, haina hata miligramu 8 za kimeng'enya hiki.

Upungufu wake ulijulikanaje? Hapa historia ina doa. Katika miaka ya vita kuu ya pili na baada yake, Wamarekani walijaribu dawa za malaria kwa wafungwa wa gereza la Stateville, jimbo la Illinois. Mojawapo ilikuwa primakwini. Baadhi ya wafungwa, wengi wao wenye asili ya Afrika, waliipata dawa hiyo ikawavunja damu: macho yakawa ya manjano, mkojo ukawa mweusi. Mwaka 1954 watafiti walizitia chembe zao nyekundu alama ya mionzi, wakawaongezea watu ambao dawa haikuwadhuru. Walipopewa dawa, chembe za kuazima zikavunjika, zao zikasalimika. Kumbe tatizo lilikuwa ndani ya chembe yenyewe. Mwaka 1956 Carson na wenzake wakaonyesha kuwa chembe hizo zina upungufu wa G6PD. Ujuzi huo umeokoa wengi duniani, lakini ni haki kukumbuka kuwa ulitoka katika miili ya watu waliofungwa, ambao uhuru wao wa kukataa ulikuwa mdogo.

Baada ya miaka michache swali likafika kwetu. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya na ambaye mwaka 1954 alikuwa ameonyesha uhusiano wa selimundu na malaria, alichapisha mwaka 1960 habari za upungufu wa G6PD kwa watu wa Afrika Mashariki. Mwaka 1961 yeye na David Clyde, mtaalamu wa malaria aliyefanya kazi Tanganyika, waliandika kuhusu watoto wa Kiafrika wenye upungufu huo, wakaona kuwa vimelea vya malaria haviwashambulii sana kama wengine. Mwaka 1995 utafiti wa watoto wa Gambia na Kenya ulikadiria kuwa hatari ya malaria kali hupungua kwa karibu nusu. Mwaka 2015 ikachapishwa kazi iliyofanywa kwa watoto wa kaskazini mashariki mwa Tanzania, nayo ilionyesha kinga hiyo kwa wasichana waliorithi nakala moja pungufu na moja kamili. Jeni hii hukaa katika kromosomu ya X. Mvulana ana nakala moja tu, hivyo akirithi pungufu hana ya kumfidia. Mwaka 2017 utafiti mkubwa zaidi uliongeza tahadhari: upungufu huo hupunguza malaria ya kichwani, lakini huongeza upungufu mkali wa damu. Ndiyo biashara ambayo mababu zetu wa mabondeni waliifanya na mbu bila kuulizwa: kinga kwa upande mmoja, deni kwa upande wa pili.

Aina ya upungufu iliyo ya kawaida katika Afrika huitwa A hasi. Damu ya mvulana mwenye aina hiyo huwa na sehemu ndogo tu ya kazi ya kawaida, yapata asilimia 10 hadi 20. Kila aliyesikia asilimia hizo alijenga picha moja kichwani: kimeng'enya kilema, kizito, kisichoweza kufanya kazi. Lakini namba hiyo yaweza kutokana na sababu mbili tofauti. Labda wakata mkonge wote wapo shambani, ila kila mmoja ni mzito wa mkono. Au labda kila mmoja ana mkono mwepesi kama wenzake, ila waliobaki shambani ni wachache. Ukitazama mafungu ya jioni tu, huwezi kuzitenga sababu hizo.

Mwaka 1967 Yoshida, Stamatoyannopoulos na Motulsky, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko Seattle, walizitenga. Walikisafisha kimeng'enya cha A hasi, wakapima kazi yake, wakaigawanya kwa miligramu za kimeng'enya chenyewe. Matokeo yalikuwa karibu sawa na ya watu wengine. Kimeng'enya hakikuwa kizito, kilikuwa kichache. Mwaka 1968 Piomelli na wenzake wakaeleza uchache huo. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, na haiwezi kutengeneza protini mpya baada ya kukomaa; hutumia ilichopewa tangu utotoni. Katika chembe za kawaida nusu ya G6PD hupotea kwa siku 62. Katika chembe za A hasi nusu yake hupotea kwa siku 13. Chembe changa ina ngao. Chembe ya makamo ina kipande cha ngao. Chembe kuukuu haina kitu. Mwaka 1988 ikajulikana kuwa katika mnyororo wa kimeng'enya hiki, wenye asidi amino zaidi ya 500, aina hii ina mabadiliko mawili, ambayo kwa pamoja huufanya usikae imara katika umbo lake. Mkono ni mwepesi. Kinachokosekana ni kudumu.

Je, tofauti hii ina faida gani kwa mtu wa kawaida? Ina faida kubwa, na ndiyo iliyonifanya niandike. Dawa inayovunja damu ikimpata mtu wa A hasi, huziangamiza kwanza chembe kuukuu. Zikiisha, uboho humwaga chembe changa zenye ngao. Mtu huyo akipimwa katika wiki hiyo, mashine itapima chembe changa tu, na jibu laweza kuwa zuri kabisa. Yaani kipimo humdanganya daktari wakati ule ule ambao mgonjwa anahitaji ukweli.

Nimeliona jambo hili kwa jirani yangu hapa Old Korogwe. Mtoto wake wa kiume, wa miaka tisa, alimeza vidonge alivyopewa, na siku ya tatu mkojo wake ukawa kama chai ya rangi na macho yakapiga manjano. Akapelekwa mbali penye kipimo. Baba yake alirudi na karatasi mkononi akaniambia, "Mwalimu, shikamoo. Karatasi inasema mtoto hana upungufu." Alikuwa na furaha, na nani angemlaumu? Muuguzi mmoja kijana, anayenifikiria kama babu yake, aliisoma karatasi, akatazama tarehe, akasema kwa upole, "Baba, wamepima sawa, lakini wamepima mapema. Rudini baada ya miezi mitatu." Nauli ilikuwa tabu, walirudi hata hivyo. Safari ya pili kipimo kikaonyesha upungufu. Mashine ilikuwa ile ile na damu ni ya mtoto yule yule. Kilichobadilika ni umri wa chembe zilizokuwa kichupani. Sasa jina la upungufu limeandikwa kwa wino katika daftari lake la kliniki, na mama yake hulitoa kila anapokwenda kununua dawa.

Tofauti hiyo imeonekana pia katika mambo makubwa kuliko ya kaya moja. Mwaka 2001 Tanzania iliiacha klorokwini, ambayo vimelea vilikuwa vimeizoea, ikaweka SP kuwa dawa ya kwanza ya malaria. Lakini huku Tanga SP nayo ilikuwa imeanza kuchoka. Mwaka huo huo yalichapishwa matokeo ya jaribio la Muheza: watoto ambao SP ilishindwa kuwaponya walipewa mchanganyiko wa kloroproguanili na dapsoni, na wengi zaidi wakapona kuliko waliorudiwa kwa SP. Ilikuwa habari njema. Dawa hiyo, iliyoitwa Lapdap, ilisajiliwa Uingereza mwaka 2003 na ikaingia katika nchi kadhaa za Afrika. Ila dapsoni, dawa ya zamani ya ukoma, ni miongoni mwa zile zinazovunja chembe kuukuu za mtu mwenye upungufu wa G6PD. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani liliitisha mapitio ya usalama wake. Majaribio zaidi yakaonyesha himoglobini ikishuka vibaya kwa watoto wenye upungufu, na mwezi Februari 2008 kampuni ya GlaxoSmithKline ikaiondoa dawa hiyo sokoni. Tanzania ilikuwa imekwisha kuingia katika dawa mseto za artemisinini.

Si vigumu kuhukumu ukiwa umeshajua mwisho wa hadithi. Waliofanya majaribio ya Muheza walikuwa mbele ya watoto waliokuwa wakifa kwa malaria, na dawa iliyofanya kazi ilikuwa ikishindwa. Lakini somo lipo. Dapsoni ilijulikana, upungufu ulijulikana, na mahali upungufu ulipo kwa wingi palijulikana tangu mwaka 1960. Kilichokosekana katika zahanati za vijijini ni kipimo. Tangu miaka ya 1960 Ernest Beutler wa Marekani alikuwa ametoa njia nyepesi: tone la damu juu ya karatasi ya kuchujia, chini ya taa ya urujuanimno, NADPH huwaka, na karatasi isiyowaka ni ya mwenye upungufu. Hata taa hiyo haikufika kwa wengi. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza primakwini itumike kuzuia maambukizi ya malaria, lilichagua dozi moja ndogo, miligramu 0.25 kwa kila kilo ya mwili, ili itolewe bila kupima G6PD. Ni busara ya mtu anayejua kuwa kipimo hakipo, akapunguza mzigo ili asiyepimwa asivunjike.

Mimi nilitumia maisha yangu kupima watoto, si vimeng'enya, na kila nisomapo habari ya mwaka 1967 humkumbuka mwanafunzi wa aina fulani ambaye kila mwalimu amemwona. Asubuhi hujibu maswali kama wenzake. Baada ya saa sita hana lolote. Mtihani ukifanywa mchana hupata asilimia 20, na katika ripoti yake huandikwa "mzito." Lakini mtoto huyo ametembea kilomita nyingi tangu alfajiri, na hajatia kitu kinywani. Alama ile ni ya kweli. Maelezo yake ndiyo ya uongo. Uzito na kutodumu hutoa namba moja katika karatasi, nazo zinahitaji dawa mbili tofauti: mmoja hufundishwa upya, mwingine hupewa uji.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku utakapopewa karatasi yenye namba, iwe ya hospitali, ya shule au ya serikali, usiishie kuuliza ni ngapi. Uliza pia ni katika nini, na ilipimwa lini. Na kama umewahi kukojoa mkojo mweusi baada ya kumeza dawa, au ndugu yako wa tumbo moja amewahi, mwambie daktari kabla hajaandika dawa nyingine, hata kama karatasi ya zamani inasema u mzima.